Usome Wasifu wa Wakili Kabla Hujamkabidhi Kesi ya Biashara Yako

Wafanyabiashara wengi huanza kumtafuta wakili siku ambayo mambo yameshaharibika. Mteja mkubwa hapokei simu tena, hundi imerudi benki, mbia amehamisha fedha za kampuni bila kuaga, au wito wa mahakama umeshaletwa dukani. Katika hali hiyo mtu hushika jina la kwanza analopewa. Rafiki anamwambia, "Mtafute fulani, yule ni moto." Anakwenda, anatia saini, anatoa fedha ya kuanzia na kukabidhi faili lote. Hakuuliza fulani huyo amewahi kuendesha kesi za namna gani, katika mahakama ipi, na ziliishaje.

Mtu huyohuyo akiajiri dereva wa lori hudai kuona leseni, humpigia simu tajiri wa zamani, tena humpa usukani amwone anavyoendesha. Kesi ya biashara inaweza kubeba thamani ya malori kadhaa, na ikienda vibaya huondoka na duka, nyumba iliyowekwa rehani na jina la mwenyewe sokoni. Inastahili uangalifu usiopungua huo.

Katika sheria ya ushahidi, anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Nakusihi, ndugu msomaji, uitumie kanuni hiyohiyo kwa wakili wako. Wasifu wake, yaani shahada, miaka ya kazi na kesi anazojivunia, ni madai, na mengi kati ya hayo unaweza kuyahakiki mwenyewe bila kulipa hata senti. Nitazungumzia zaidi Tanzania Bara, lakini msomaji wa Zanzibar, Kenya au Uganda ataona kwamba maswali ni yaleyale.

Kwanza hakikisha ni wakili

Mitaani kuna vishoka wanaoandika hati za madai, wanaopiga mihuri na kupokea ada, na hawana haki ya kufanya lolote kati ya hayo. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Wakili ni yule aliyekubaliwa na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa katika Daftari la Mawakili kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Baada ya hapo anatakiwa kuwa na leseni hai ya uwakili, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Mtu anaweza kuwa aliapishwa miaka 15 iliyopita, jina lake likiwa bado daftarini, na mwaka huu akawa hana leseni au amesimamishwa.

Usilichukulie hilo kama karatasi tu za ofisini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishaamua kwamba kazi anayoifanya mtu kama wakili bila leseni hai haina nguvu kisheria. Kwa hiyo hati yako ya madai inaweza kuondolewa mahakamani kwa kosa ambalo si lako, huku muda wa kudai ukiendelea kuyoyoma.

Uhakiki ni wa dakika chache. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, ambamo unamtafuta wakili kwa jina au kwa namba yake ya daftari na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, kilichoanzishwa mwaka 1954, nacho kinawajua wanachama wake. Zanzibar ina mahakama kuu yake na utaratibu wake wa mawakili, kwa hiyo kama mgogoro wako utaamuliwa Unguja au Pemba, uliza kama wakili unayemtaka anaruhusiwa kusimama huko.

Usiishie kwenye picha ya mtandaoni. Oktoba 2023 tawi la Nairobi la Chama cha Wanasheria cha Kenya lilitangaza kwamba mtu aliyekuwa akijitambulisha kama wakili hakuwa wakili. Chama kilieleza kuwa taarifa za wakili halisi mwenye jina linalokaribiana na lake zilikuwa zimechezewa ndani ya mfumo, na picha ikabadilishwa. Basi linganisha jina lote, namba ya daftari na anwani ya ofisi. Ukiwa na shaka, piga simu chama cha mawakili kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyoandikwa kwenye kadi uliyopewa.

Shahada ni mlango tu

Sehemu ya elimu katika wasifu huwa ndefu na yenye kupendeza, ila inakueleza machache kuhusu kesi yako. Chuo cha Dar es Salaam kimefundisha sheria tangu mwaka 1961, na leo vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi. Tangu mwaka 2008 wahitimu hupita katika Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla ya kuomba kuapishwa. Waliotangulia walipitia utaratibu wa zamani, uliosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Anayekueleza safari yake aweze kukuambia alipita wapi na aliapishwa mwaka gani, na majibu hayo yakubaliane na daftari.

Shahada ya uzamili kutoka Uingereza au Afrika Kusini ni jambo la heshima, nayo husaidia panapokuwa na mkataba wa kimataifa. Lakini haithibitishi kwamba mwenye nayo amewahi kumhoji mhasibu wa benki kizimbani hadi hesabu zikajisema zenyewe. Kadhalika kibao cha mlangoni kinachotaja kuwa ofisi ina kamishna wa viapo hakikuambii lolote kuhusu uzoefu wa kesi. Kinakuambia kwamba unaweza kuapia nyaraka pale.

Miaka ishirini ya nini?

Hapa ndipo wateja wengi hupotea. Wanasikia "uzoefu wa miaka 20" na kuridhika. Swali linalofuata haliulizwi: miaka ishirini ya nini? Wapo mawakili hodari ambao kazi yao yote imekuwa kusajili kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, na kuhamisha umiliki wa viwanja. Wapo mabingwa wa mirathi, wa kesi za jinai, wa migogoro ya kazi. Kila mmoja anastahili heshima katika uwanja wake. Kesi ya biashara ina njia zake, na asiyezijua atajifunzia juu ya fedha yako.

Mahakama Kuu ya Tanzania ina Divisheni ya Biashara iliyoanzishwa mwaka 1999, yenye makao Dar es Salaam na masjala Arusha na Mwanza. Divisheni hiyo ina kanuni zake za mwaka 2012, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Mojawapo ya mambo yanayoitofautisha ni maelezo ya shahidi. Shahidi hasimami kizimbani kusimulia habari yake tangu mwanzo. Ushahidi wake wa msingi unaandikwa, unaapiwa na kuwasilishwa mapema pamoja na vielelezo, kisha siku ya kusikilizwa anakutana na maswali ya dodoso kutoka upande wa pili. Kwa hiyo wakili anayetegemea kipaji cha kusema, akaandaa maelezo dhaifu, ameshapoteza sehemu kubwa ya kesi kabla hajafungua kinywa. Muulize wakili wako: umeandaa maelezo ya mashahidi wangapi katika kesi za namna hii, na walihimilije dodoso?

Muulize pia kuhusu mambo yafuatayo, na usikilize kama anajibu kwa urahisi wa mtu aliyeyafanya.

Shauri la muhtasari. Kama unadai kwa hundi iliyorudi au hati ya ahadi ya kulipa, Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu njia fupi, ambapo mdaiwa hawezi kujitetea mpaka aombe na kupewa ruhusa ya mahakama. Wakili wa biashara huitazama njia hiyo mapema. Asiyeizoea hufungua shauri la kawaida na kukuingiza katika safari ndefu isiyo ya lazima.

Zuio la muda. Benki inapotangaza kuuza nyumba yako, au mbia anapotaka kuhamisha mitambo, unahitaji amri ya haraka. Tangu uamuzi wa Atilio dhidi ya Mbowe wa mwaka 1969, mahakama za Tanzania huangalia mambo matatu: kama kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kama utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na ni upande upi utaumia zaidi amri ikitolewa au ikinyimwa. Mwombe wakili akueleze, kwa ukweli wa kesi yako, atayajengaje yote matatu. Akilieleza moja tu, maombi yako yako hatarini.

Pingamizi la awali. Kesi nyingi huvunjika mlangoni kwa sababu zimefunguliwa katika mahakama isiyohusika, au nje ya muda, au kwa jina lisilo la kampuni. Kwa upande mwingine wapo wanaorusha mapingamizi hovyo ili kuchelewesha. Uamuzi wa kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, uliotolewa na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika shauri lililotoka Uganda, unaongoza hadi leo: pingamizi la awali liwe hoja safi ya sheria isiyohitaji kuthibitishwa kwa ushahidi. Wakili mzoefu atakuambia ni pingamizi gani analitarajia kutoka upande wa pili, na ameliziba vipi.

Madai dhidi ya serikali. Umepeleka dawa, chakula au samani kwa halmashauri na hujalipwa? Sheria inataka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa hata katika madai dhidi ya serikali za mitaa na mashirika ya umma. Wakili anayekuahidi kufungua kesi hiyo wiki ijayo hajaisoma sheria.

Zisome hukumu zake mwenyewe

Huu ndio ushauri ambao ningependa msomaji auchukue hata akiyaacha mengine. Uamuzi mwingi wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani unawekwa katika tovuti ya TanzLII, bure, na mtu yeyote anaweza kuusoma. Kenya wana Kenya Law, Uganda wana ULII. Andika jina la wakili katika kisanduku cha kutafutia, uone kinachokuja.

Fungua uamuzi mmoja. Juu utakuta jina la mahakama, namba ya shauri na majina ya wadaawa. Shuka hadi aya ya mwisho. Katika hukumu za Mahakama ya Rufani aya hiyo ndiyo inayotaja tarehe hukumu iliposomwa na mawakili waliokuwepo kwa kila upande. Ndani ya hukumu, mara nyingi jaji hueleza wakili fulani alijenga hoja gani na yeye aliikubali au aliikataa kwa sababu gani. Humo unamkuta wakili wako akifanya kazi, akiwa hajui kwamba siku moja utamsoma. Kama hukumu imeandikwa kwa Kiingereza, na nyingi za biashara ndivyo zilivyo ingawa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, tafuta kijana anayekimudu akusomee.

Unaposoma, tazama kesi iliishaje. Shauri lililoondolewa mahakamani kwa kasoro ya kiutaratibu kwa kawaida linaweza kurekebishwa na kufunguliwa upya. Shauri lililotupwa limekwisha katika mahakama hiyo, na njia iliyobaki huwa ni rufaa au nyingine kama hiyo. Ukiona mashauri kadhaa ya wakili mmoja yanaondolewa kwa makosa yaleyale, mara muda umepita, mara kiapo kina kasoro, mara waraka wa lazima haukuambatishwa, hiyo si bahati mbaya. Huyo ndiye utakayemkabidhi kesi yako?

Lakini soma kwa haki. Kushindwa peke yake si aibu. Wapo mawakili wanaobeba kesi ngumu na kuziendesha kwa ustadi, na ukweli ukawa upande wa pili. Kesi nyingi nzuri za biashara pia huishia kwenye maridhiano, na huenda usione hukumu ndefu inayomsifu aliyezimaliza. Na wakili kijana anaweza kuwa na majina machache mtandaoni huku akiwa ameandaa mafaili mazito chini ya mkubwa wake. Mpe nafasi akueleze, ukijua cha kumuuliza: "Nimeisoma kesi hii. Ilikuwaje?" Namna atakavyojibu, kwa utulivu na kwa uwazi au kwa kumlaumu jaji na mteja, ni sehemu ya wasifu wake ambayo hakuiandika.

Kikao cha kwanza: sikiliza anachouliza

Chukua mfano wa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi aliyempelekea mkandarasi nondo na saruji, akaahidiwa kulipwa ndani ya siku 60, na sasa mwaka wa pili unaisha. Anaingia kwa wakili na bahasha: hati ya kuagiza bidhaa (LPO), ankara, hati za kupokea mzigo na simu iliyojaa ujumbe wa WhatsApp.

Wakili wa kwanza anapekua karatasi mbili, anacheka na kusema, "Hii tumeshinda tayari. Lete fedha ya kuanzia."

Wakili wa pili anazitandaza mezani moja baada ya nyingine. Anauliza: saini hii kwenye hati ya kupokea mzigo ni ya nani, na ana cheo gani pale? LPO inataja kampuni, lakini ankara umeandika jina la mtu. Uliyemuuzia ni nani hasa? Anataka jina la kampuni lihakikiwe BRELA, herufi kwa herufi. Anauliza kama kuna mkataba mama, na kama una kifungu kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, kwa kuwa Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inaweza kuisimamisha kesi iliyokimbilia mahakamani kinyume cha makubaliano. Anatazama kama mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa hautapokelewa kama kielelezo mpaka ushuru ulipwe. Anauliza deni liliiva tarehe gani, kwa sababu madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kama mdaiwa amewahi kulikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, kwani hilo laweza kuubadili muda wa kuanza kuhesabu. Anamwonya asifute ujumbe wowote wala asiuze simu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ila uhalisi wake sharti uonyeshwe. Anaomba azimio la bodi linaloruhusu kampuni kushtaki. Mwisho anauliza swali ambalo wengi hawalitarajii: mkandarasi huyu ana mali gani, na zipo wapi?

Huyo wa pili hajaahidi ushindi. Amekuonyesha udhaifu wako kabla adui hajauona, na hiyo ndiyo kazi unayomlipia. Uzoefu wa wakili wa kesi za biashara unaonekana zaidi katika maswali yake kuliko katika hadithi zake.

Kuna maneno mawili ambayo ukiyasikia katika kikao hicho, shukuru, inuka, uondoke. La kwanza ni ahadi ya ushindi wa asilimia mia. Hakuna wakili anayemiliki uamuzi wa jaji. La pili ni kauli kwamba anamjua jaji na kwamba kuna "kitu kidogo" cha kupeleka. Huo si uzoefu. Hiyo ni rushwa, kosa la jinai kwa mtoaji na kwa mpokeaji, na mara nyingi ni utapeli ambao fedha haivuki hata mlango wa ofisi yake.

Nani atasimama, na anasimama na nani?

Tofauti na utamaduni wa Uingereza, ambako kazi za ofisini na kusimama mahakama za juu kwa muda mrefu ziligawanywa kwa mawakili wa aina mbili, kwetu wakili mmoja anaweza kufanya yote. Katika ofisi kubwa, hata hivyo, anayekupokea si lazima awe ndiye atakayeshughulika na faili lako. Jina la mkubwa liko kwenye barua, lakini anayekwenda mahakamani ni kijana aliyepewa faili jana jioni. Hakuna ubaya kazi kugawanywa, na mara nyingi hupunguza gharama. Ubaya ni wewe kutojua. Uliza wazi nani ataandika hati, nani atawahoji mashahidi, na siku mhusika akiwa na udhuru nani atashika nafasi yake. Kesi nyingi huahirishwa kwa sababu aliyesimama kwa niaba ya mwenzake hana la kusema ila kuomba tarehe nyingine.

Uliza pia kama ofisi hiyo imewahi kumwakilisha unayegombana naye, kampuni dada yake au benki inayohusika. Kanuni za Maadili ya Mawakili za mwaka 2018 zinaukataza mgongano wa maslahi. Katika mji ambao wafanyabiashara wakubwa wanatumia mawakili walewale, swali hili si la matusi, na wakili makini atakuwa amelichunguza kabla hujaliuliza.

Fedha iandikwe

Ada ya mawakili inaongozwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, na ndani yake kuna nafasi ya kupatana. Mkipatana, andikeni. Karatasi hiyo ieleze kazi inayofanywa inaishia wapi: je, ada inafika hadi hukumu tu, au pamoja na rufaa na ukazaji wa hukumu? Malipo yatatolewa kwa awamu zipi? Safari za Arusha au Mwanza nani anazilipia? Ada ya mahakama ni kitu tofauti na ada ya wakili, nayo hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Omba uione namba hiyo na uhifadhi stakabadhi. Kwa fedha unayompa wakili mwenyewe, dai risiti.

Ufahamu pia kwamba ukishinda, kwa kawaida aliyeshindwa huamriwa kulipa gharama za kesi, lakini gharama hizo hukadiriwa na afisa wa mahakama na mara nyingi hazirudishi kila ulichotumia. Na ukishindwa, huenda ukalipa za mwenzako. Wakili asiyekueleza upande huo wa pili amekuficha nusu ya hesabu.

Hukumu si fedha mkononi

Kuna watu wenye hukumu za mamilioni zilizofungiwa kabatini miaka na miaka. Walishinda, ila hawajalipwa. Kwa hiyo swali ambalo ningelitanguliza mbele ya idadi ya kesi alizoshinda ni hili: hukumu ngapi umezikaza mpaka fedha ikamfikia mteja? Mwenye uzoefu atakueleza jinsi alivyoomba mali ikamatwe kabla ya hukumu mdaiwa alipoanza kuihamisha, jinsi alivyozuia fedha zilizo benki, jinsi anavyofanya kazi na dalali wa mahakama, na lini aliona ni afadhali kukubali malipo ya awamu kuliko kuendelea kupigana.

Hapo pia utamjua wakili anayeheshimu usuluhishi. Katika mashauri ya madai, sheria inataka wadaawa wapite kwanza kwenye usuluhishi unaosimamiwa na mahakama. Wapo mawakili wanaokwenda hapo kutimiza ratiba tu. Mzoefu huenda na hesabu kamili, anajua kiwango ambacho mteja wake anaweza kukipokea bila kuumia, na wakati mwingine humaliza kwa siku moja jambo ambalo lingekula miaka mitatu na uhusiano wote wa kibiashara.

Na kama umeshindwa, muda ni mkali. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Wakili wako akujulishe hilo siku hiyohiyo hukumu inaposomwa.

Ukiona mambo hayaendi

Mteja si mtumwa wa faili lake. Unayo haki ya kupewa taarifa, ya kupata nakala ya kila kinachowasilishwa kwa jina lako, na ya kubadilisha wakili. Tunza nakala zako tangu siku ya kwanza ili usije ukashindwa kuhama kwa sababu karatasi zote ziko kwa mwingine. Kama wakili amekula fedha yako, amekutelekeza au amekusaliti kwa upande wa pili, malalamiko hupelekwa kwenye Kamati ya Mawakili iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumsimamisha au kuliondoa jina lake daftarini. Andika malalamiko kwa tarehe na vielelezo. Lawama za vijiweni hazimrudishi mtu fedha yake.

Najua wapo watakaosema hawana muda wa yote haya, hasa aliyekwisha kupokea wito, maana kwa kawaida mdaiwa ana siku 21 tu za kuwasilisha utetezi wake tangu apokee hati. Nakubali kwamba muda ni mfupi. Lakini kumtafuta wakili katika e-Wakili, kusoma hukumu zake tatu na kumwuliza maswali kumi ni kazi ya siku moja au mbili, na siku hizo utazikomboa mara nyingi baadaye.

Kwa hiyo usisubiri wito. Mfanyabiashara mwenye mikataba mikubwa amtafute wakili wake sasa, wakati hakuna ugomvi, amhakiki kwa utulivu na ampe mikataba aipitie kabla haijasainiwa. Na utakapokaa naye, uliza bila haya. Wakili mwadilifu anajua kwamba kazi yake yote imejengwa juu ya ushahidi, hivyo hawezi kuudhika mteja anapomtaka ushahidi. Anayeudhika kwa hilo, usimpe kesi yako.